Wosia wa Baba na Kalamu Iliyokata Wino

Baba alipofariki nilibaki na karatasi yake, imekunjwa mara nne, imenitaja kuwa msimamizi wa mali zake. Nikaenda nayo benki pamoja na cheti cha kifo. Dada wa kaunta hata hakuifungua. "Pole kwa msiba, kaka. Lete Fomu Namba 4."

Hapo ndipo nilipojua kwamba kutajwa kwenye wosia si kupewa mamlaka. Mamlaka hutolewa na mahakama, na hiyo fomu ndiyo barua ya usimamizi. Kwa kuwa baba aliishi kimila huko Same, Kilimanjaro, shauri nililifungua Mahakama ya Mwanzo: Fomu Namba 1 ya kuomba usimamizi, cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo na wosia halisi (kopi niliyopeleka mwanzo karani aliirudisha hapo hapo). Tangazo likabandikwa, mwenye pingamizi ajitokeze.

Akajitokeza baba mdogo. Shamba la tangawizi baba alimwachia mdogo wangu wa kike, na hilo halikumwingia akilini. Akasema sahihi ni ya kughushi: itazameni, imeanza na wino wa bluu ikaishia na mweusi. Kweli! Nilishaisoma karatasi ile mara nyingi, sikuwahi kuliona hilo. Jasho likanitoka.

Wosia wa kimila wa maandishi unataka mashahidi, wa ukoo na asiye wa ukoo. Wetu walikuwa shangazi na jirani yetu fundi cherehani. Hakimu aliwaita mmoja mmoja, mwenzake akisubiri nje. Mzee akili zake zilikuwaje? Alisaini mbele yako? Shangazi akasema walikuwa barazani, jioni, kalamu ikagoma katikati ya jina. Akaingia fundi, ambaye hakuyasikia hayo: "Kalamu ya mzee ilikata wino, mheshimiwa. Nikampa yangu ya kuandikia vipimo."

"Ya rangi gani?"

"Nyeusi."

Pingamizi likatupwa, fomu nikapewa.

Kilichonichosha zaidi kilikuja baadaye. Ndani ya miezi minne unatakiwa kurudisha Fomu Namba 5, orodha ya mali na madeni, kisha Namba 6 ya hesabu na mgawanyo. Nilizunguka madukani kuuliza mzee alikuwa anadaiwa nini.

Siku ya kufunga mirathi baba mdogo alikuja, akakaa benchi la nyuma, kimya. Tulipotoka akaniomba lifti ya kurudi kijijini.