Ijumaa Baba Alipokuwa Maamuma

Kiharusi kilimkuta Baba shambani, akiokota nazi, masika ya mwaka 2006. Walimleta nyumbani kwa baiskeli, wawili wamemshika ubavuni asidondoke, na jioni tukampeleka hospitali. Alirudi baada ya wiki kadhaa. Mkono wa kulia ulikuwa umeanza kushika, mguu ukiburura kidogo, na mdomo umevutwa upande. Kijiji kizima kilikuja kumjulia hali. Waliomsikia akiomba maji, akiuliza habari za mbuzi wake, walitoka wakisema Maalim amepona, kilichobaki ni kuzoea tu.

Kijiji chetu kiko pwani, mwendo mfupi kusini ya magofu ya Kaole. Wakati ule msikiti ulikuwa na paa la bati na mimbari ya ngazi tatu. Baba alikuwa imamu wake tangu mimi sijazaliwa. Ndiye aliyeswalisha, aliyefungisha ndoa, aliyegawa mirathi, aliyesimama kaburini kusoma talakini. Juu ya yote alikuwa mwalimu wa chuo. Kila mwanamume aliyesimama nyuma yake aliwahi kuchapwa na yeye kwa sababu ya Fatiha. Alikuwa mkali kwenye Fatiha kuliko kwenye kitu chochote. Shada zake kumi na nne, zile alama za kukaza herufi, tulizihesabu kwa vidole, na aliyeila moja alianza upya, hata kama wenzake wameshatoka kwenda kucheza.

Alipokuwa amelala, muadhini ndiye aliyeswalisha swala tano, mzee wa makamo ya Baba mwenyewe. Jumua tulikwenda kijiji jirani. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, Jumua inataka watu arubaini, na kwetu arubaini walitimia kwa sababu ya Baba. Yeye asipokuwepo, vijana wengine waliona heri wabaki baharini. Basi iliposemwa kwamba Ijumaa ijayo Maalim atarudi msikitini, ilikuwa kama sikukuu. Kina mama walikubaliana kupika. Mikeka ikatolewa nje, ikapigwa vumbi.

Alhamisi baada ya Isha, Baba aliniita barazani. Nilimkuta na kijana mmoja wa kijijini, aliyekuwa amerudi miaka michache nyuma kutoka masomoni Khartoum. Sisi tulimwita Ustadhi. Nilishangaa kumwona pale, maana yeye na Baba hawakuwa wakiafikiana. Ustadhi hakusoma kunuti, ile dua ya kusimama, kwenye Alfajiri, na Maulidi ya Barzanji alikuwa akiyaondokea kabla ya kiyamu, pale watu wanaposimama kumswalia Mtume. Baba naye hakuwahi kumsema hadharani, lakini nyumbani alimsema.

"Kaeni," Baba alisema. "Nisikilizeni."

Akaanza kusoma Fatiha. Alisoma taratibu, macho ameyafumba, na mpaka aya ya tano ilikwenda vizuri. Alipofika *ihdina*, ulimi ukakataa. Herufi ya swadi ilitoka kama shini, na ra ikawa lamu. Akarudia. Ikatoka vilevile. Akarudia tena huku mkono mzima umeushika mdomo, kama mtu anayeikunjua nguo iliyokunjamana, na mara hii hata lamu haikutoka. Alimaliza sura kwa namna hiyo, akafungua macho.

"Mwanachuo akisoma hivi, utampitisha?"

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Swali la namna hiyo nimeshaulizwa na wazazi wengi, na jibu huwa ninalo. Pale sikulipata. Nilimwambia ulimi bado mchovu, apewe muda.

"Sikukuuliza habari za muda."

"Nisingempitisha, Baba."

Akamgeukia Ustadhi. "Na wewe?"

Ustadhi alikuwa ameinamisha kichwa. Alisema kwamba wanavyuoni wanamtaja mwenye udhuru, ambaye hata akijifunza hawezi, na kwamba swala yake ni sahihi bila shaka yoyote.

"Swala yangu," Baba alisema. "Udhuru ni wangu. Hawa wanaosimama nyuma yangu wana udhuru gani?"

Hapo hapakuwa na la kujibu. Yamo katika Safina, kitabu kidogo ambacho kila mtoto wa chuo wa pwani hukipitia kabla ndevu hazijaota: katika masharti ya kumfuata imamu, imamu asiwe mtu asiyeweza kuisoma Fatiha kama inavyotakiwa. Sharti hilo alitusomesha yeye. Nakumbuka nilipokuwa mdogo tulilicheka, tukidhani linawahusu watu wa bara huko ambao hawajasoma.

Halafu alitueleza kwa nini ametuita wawili. Maneno yalimtoka polepole, na mengine aliyarudia mpaka tukayaelewa. Ushahidi wa mtoto wa kumtetea baba yake haukubaliwi, lakini ushahidi wa mtoto dhidi ya baba yake unakubaliwa. Kwa hiyo mimi peke yangu ningetosha kumshuhudilia kwamba hafai. Ila alitaka awepo na mtu mwingine, tena asiyependa mambo yake, ili kesho watu wasije wakasema mwanawe amemnyang'anya.

"Sasa someni nyinyi."

Tukasoma, Ustadhi kwanza, mimi baadaye. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wanne na jasho lilinitoka kama la mtoto. Ukweli nauandika bila haya: Ustadhi alisoma vizuri kuliko mimi. Makhraji yake, matamshi ya kila herufi mahali pake, yalikuwa safi, na sauti anayo. Baba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Nenda wewe."

Ustadhi akakataa. Alisema yeye ana mkataba wa kufundisha Dar es Salaam na atakuwa huko wiki nzima, na imamu wa kijiji ni yule anayeamka na kijiji. Kisha akaongeza neno ambalo mpaka leo namheshimu kwalo. "Na tena Maalim, mimi nikisimama watagawanyika. Akisimama huyu, hata sisi tutaswali nyuma yake."

Baba alikaa kimya kitambo. "Basi iwe wewe," akaniambia. "Lakini usiseme umerithi. Mimbari haimo kwenye mirathi."

Kuhusu hutuba tulizungumza kidogo tu. Yeye maisha yake yote aliisoma kwa Kiarabu kitupu, kutoka kitabu ambacho jalada lake lilishachukuliwa na mchwa, na mawaidha ya Kiswahili aliyatoa kabla ya adhana. Nilimwomba ruhusa niichanganye. Alisema nguzo zake nizisome kwa Kiarabu: hamdu, sala ya Mtume, wasia wa kumcha Mungu, aya, na dua ya waumini mwishoni. "Katikati hapo, waambie watu wanachokielewa. Na usirefushe. Hutuba ndefu ni dalili ya mtu asiyejua anachotaka kusema."

Ijumaa watu walijaa mpaka uani. Wazee walikuja na makanzu ya sikukuu. Mmoja, aliyedokezewa jambo lenyewe asubuhi, aliona amliwaze Baba kwa mfano wa Bagamoyo: kwamba hata Sheikh Ramiya alipofariki mwaka 1931, mwanawe Muhammad ndiye aliyeishika zawia, nyumba yao ya dhikiri, na tarika haikupungua kitu. Baba hakuupenda mfano huo hata kidogo. Ramiya aliletwa pwani kutoka Manyema akiwa mtumwa, akafika kuwa khalifa, yaani kiongozi, wa tarika ya Kadiria na mji mzima kumtii. Baba alimfahamu Muhammad Ramiya, alikwenda ziara kila mwaka akiwa kijana, na kwake yeye kuitajia familia ile pamoja na ngazi zetu tatu za mimbari ilikuwa kukosa adabu. "Wale ni watu wa Mungu," alisema. "Sisi ni walimu wa kijiji."

Akaketi safu ya mbele, kulia, mahali ambapo maisha yake yote hakuwahi kukaa. Nadhani hakuwa anajua aketi vipi. Alijaribu kukunja miguu, mmoja ukakataa, akaunyoosha, akaona umeelekea kibla, akaurudisha. Wakati imamu anapanda mimbari yeye alikuwa huyo anayepanda. Alikuwa hajawahi kuiona mimbari kutoka chini tangu ujana wake. Watu wanapozungumza juu ya kupokea uongozi wa dini humwangalia anayepokea, wakamhurumia kwa mzigo. Mimi siku ile sikuwa na shida kubwa. Niliambiwa nifanye nini na nilikuwa na vitabu. Mwenye kazi mpya alikuwa yeye.

Muadhini alikuwa ameshaambiwa. Hata hivyo, ulipofika wakati wa kukabidhi fimbo ya hutuba, aliichukua ukutani akanipita mimi niliyekuwa nimeshasimama, akaenda moja kwa moja mpaka kwa Baba, akampa. Msikiti ukanyamaza. Baba aliishika ile fimbo. Akajiinua, mtu mmoja akamsaidia kwapani, akasimama nayo. Wapo waliodhani anapanda, nami nilikuwa mmoja wao. Kisha akageuka akaninyooshea kwa mkono wa kulia, ule uliokuwa mbovu, unatetemeka, na ilibidi nisogee hatua mbili kuifikia.

Baadaye nilimuuliza muadhini kama alisahau. Akanishangaa. "Nisahau nini? Fimbo ni yake. Kukupa wewe ni kazi yake, si yangu."

Hutuba yenyewe haina makubwa ya kusimulia. Nilizungumza juu ya amana, nikataja mizani ya wanunuzi wa mwani na baruti wanazopiga wavuvi, na wavuvi wawili walioko safu ya tatu wakaangalia paa. Nikashuka, nikaingia mihrabuni, ikakimiwa swala.

Sisi Washafii maamuma, anayeswali nyuma ya imamu, naye husoma Fatiha yake. Imamu akimaliza yake na watu wakaitikia amina, hunyamaza kidogo ili walio nyuma wasome zao, ndipo aanze sura. Hilo nalo Baba ndiye aliyetufundisha, na yeye mwenyewe alipokuwa imamu ukimya wake ulikuwa na kipimo, unamaliza Fatiha yako na unabaki na pumzi moja.

Nikanyamaza. Nyuma yangu mnong'ono wa watu ulipanda kama kawaida, ukashuka, ukaisha. Ukabaki wa mtu mmoja. Alikuwa karibu na bega langu la kulia. Alifika pale pale, ulimi ukakataa, akarudi mwanzo wa aya. Akarudia. Watu wote walikuwa wameshamaliza. Nilitakiwa nianze sura ya *Sabbihisma*. Nilifungua kinywa, nikakifunga. Nikamsikia anairudia tena, na sasa haikuwa sauti ya kukasirika. Ilikuwa ile sauti aliyoitumia kwa watoto wapole, wale ambao hakuwachapa. Sijui nilisimama muda gani. Nje mtoto mmoja aliita, akanyamazishwa. Baba alipofika *waladh-dhwaallin*, mwisho wa Fatiha, nikaanza kusoma, na rakaa ya pili, kabla ya *Al-Ghashiya*, nikafanya vivyo hivyo.

Baada ya swala watu walinishika mkono, wakamshika na yeye. Wazee wengine walilia waziwazi. Pilau ililiwa. Tulipobaki wawili, nikimsaidia kuvaa makubadhi, nilitegemea aniambie neno la baraka, na nakiri nilikuwa nimeshajiandaa kulipokea.

"Ulinisubiri," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Kwa nini?"

Nikanyamaza.

"Msomaji mzito ana ruhusa yake. Anaweza kuchelewa nyuma ya imamu kwa nguzo tatu ndefu. Umesahau? Wewe nenda na watu, mimi nitawafuata. Wavuvi wale maji yamewakupwia kwa ajili yangu." Akavuta mguu mbovu akaupachika vizuri. "Na kwenye *Ghashiya* ulikimbia. Ilikuwa kwa sababu uliona umechelewa. Ukichelewesha watu huku, unaiba kule."

Tangu Ijumaa ile sikumsubiri tena. Alichelewa, akatufuata, akatukuta kwenye rukuu au baada yake, mpaka alipofariki.

Kesho yake, Jumamosi asubuhi, nilikuwa naoga uani nikasikia hodi. Ndugu wawili wa kijijini walikuja na ugomvi wa minazi ya marehemu baba yao, kila mmoja na mashahidi wake. Walimkuta Baba barazani, wakamwamkia, wakaanza kueleza wote wawili kwa pamoja kama ilivyokuwa desturi. Akawanyamazisha.

"Imamu anaoga. Kaeni mumngoje."

Yule mkubwa akalalamika. "Lakini Maalim, wewe ndiye uliyeigawa minazi hii."

"Ndiyo maana mnagombana," Baba alisema. "Mwambieni aihesabu upya."