Vitufe 30

Ami yangu alikuwa mpigaji kodiani wa taarab, na nyumba yetu ya Ng'ambo, Unguja, ilikuwa na amri moja: kodiani haiguswi. Mimi niliigusa. Nilikuwa na miaka kumi hivi, wakubwa wamelala mchana, nikaibeba kifuani nikaivuta taratibu. Kabla sijashikwa sikio nilishagundua jambo moja: kila kibonyezo kina sauti yake, ukivuta, ukisukuma, ni ileile. Nilikua nikiamini kila ala ya mvukuto iko hivyo.

Mwaka 2018 nilikuwa nahudumia wazee mjini Ennis, jimbo la Clare, Ayalandi. Kiangazi kilichotangulia wenzangu wa kazini walinipeleka Miltown Malbay, kwenye ile skuli ya muziki ya Willie Clancy inayofanyika mwezi wa Julai tangu 1973. Kila baa ina fidla, kila kizingiti kina mtu na filimbi. Katika kona moja alikaa bibi mwembamba na kijidude cha pembe sita magotini, kidogo kama mkebe wa biskuti, na kelele zake haziendani kabisa na umbo lake. Konsatina. Nilisimama pale mpaka kinywaji changu kikapoa, na kilikuwa chai.

Yule bibi kumbe jirani wa mwenzangu mmoja. Nilipomwambia nataka kununua yangu, alinitazama mikono kwanza, kisha akasema, "Usiende dukani peke yako, mwanangu."

Basi Jumamosi moja ya mvua tukaenda. Njiani alinisimulia habari za Elizabeth Crotty, mwenye baa pale Kilrush, aliyefariki 1960, na jinsi watu walivyosogelea redio akipiga. Huku Clare, akasema, wanawake walikuwa nayo jikoni, karibu na moto, ikisubiri kazi ziishe. Mimi nilikuwa na euro 500 ndani ya bahasha na akili yangu iko kwenye bahasha.

Konsatina nyingi mle dukani zilikuwa za bei ya gari. Za uwezo wetu zilikuwa tatu. Ya kwanza niliipenda nilipoiona tu: ya Kiingereza, iliyotumika, mbao nyeusi, vitufe 48. Vidole gumba vinaingia kwenye vitanzi, vidole vya mwisho vinakaa juu ya vibati. Nikabonyeza, nikavuta, nikasukuma. Sauti ileile! Sauti za ngazi zinapokezana, moja mkono huu, inayofuata mkono ule, na hilo lilinisumbua kidogo, lakini nilimwona ami yangu ndani yake. Nikatafuta vipande vya wimbo wa nyumbani, nikavipata. Nikamgeukia bibi kama mtu aliyeshapata mchumba.

Hakubisha. Alichukua nyingine, aina ya Anglo, akapitisha mikono ndani ya mikanda ya ngozi, kidole gumba cha kulia kikakaa juu ya kitufe cha pumzi, akapiga jigi, wimbo wa kuchezea ngoma za huko. Nilitazama mikono nikaelewa. Kitufe kimoja, akisukuma kinatoa sauti hii, akivuta kinatoa nyingine. Kila anapogeuza mvukuto muziki unaruka, kama mtu anayeshuka ngazi kwa haraka na hataki kuanguka. Muuzaji alikuwa anaandika risiti ya mtu mwingine; mguu wake ulikuwa unapiga sakafu wenyewe.

"Ile unaweza kupigia chochote," bibi akasema, akiionyesha nyeusi yangu kwa kidevu. "Lakini ukija kukaa na sisi, nani atakuonyesha?"

Nikairudisha kwenye rafu. Sikuirudisha kwa moyo mweupe.

Zikabaki Anglo mbili, ya vitufe 20 kwa euro 160 na ya vitufe 30 kwa 450, zote zina safu ya vitufe ya ngazi ya C na safu ya ngazi ya G. Nani asiyejua ningechagua ipi? Bibi akanipa ile ya 20. "Muziki wa huku unapenda ngazi za G na D. G unayo hapo. Haya, D inataka C iliyopandishwa nusu sauti: nitafutie." Nilisukuma vyote. Nikavuta vyote. Muuzaji alikuwa ameshaacha kuandika. Haimo. Inakaa kwenye safu ya tatu, na ile ya 20 safu hiyo haina.

Ile ya 30 aliikagua kama anayenunua mbuzi. Aliishika kwa mkanda wa upande mmoja, wa pili akauachia uning'inie bila kubonyeza kitu. Mvukuto ukafunguka polepole, akatikisa kichwa kukubali. Ikishuka mbio inavuja. Kisha akanilazimisha kupitia kila kitufe, kuvuta na kusukuma, mara 60, nikisikiliza ulimi wa chuma unaochelewa kuamka. Mmoja ulichelewa, upande wa kushoto. Muuzaji akaingia nyuma nayo, akarudi nayo inaitika.

Nikaanza kuomba nipunguziwe, nilivyozoea sokoni Darajani. Bibi akanifinya mkono. Nikalipa 450 kamili, na mpaka leo naamini 430 ingepita.

Usiku ule nilijifungia chumbani, nikarekodi sauti nane za safu ya G, kwenda na kurudi, nikamtumia ami kwa WhatsApp. Alichelewa kujibu. Nikafikiri amelala, au analia. Ujumbe wake ulipoingia ulianza na kikohozi.

"Nimesikia. Mbona inapumua kama ina pumu?"

Nikamweleza: ami, hii ukibonyeza kitufe ukasukuma inatoa sauti moja, ukivuta inatoa nyingine.

Kimya kidogo tena.

"Umeuziwa mbovu," akasema. "Asubuhi irudishe."