Siku moja maishani mwangu: Ijumaa ya fundi wa njumu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kwa mafundi viatu wengi siku ya pesa ni Jumapili jioni, wazazi wakikumbuka kwamba kesho ni shule. Kwangu mimi ni Ijumaa. Kibanda changu kiko hatua chache kutoka lango la Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, hapa Kakamega, kwenye barabara ya kwenda Webuye, na Jumamosi ndiyo siku ya mechi. Wazee wa huku bado wanakiita WECO, jina la zamani, ingawa kimekuwa chuo kikuu kamili tangu 2007. Mimi ni shabiki wa timu zake, raga kwanza, soka baadaye, na darasani mwao sijawahi kuketi. Naishi Sichirai, kwa hivyo nauli haipo. Nafika, nafungua kufuli, natandaza turubai, natoa stuli mbili, ya mteja na yangu.

Saa moja na nusu. Chai ya maziwa na mandazi kwa mama wa jirani. Raga haimhusu hata kidogo, lakini ratiba anaijua kuliko mimi, maana kukiwa na mechi ya nyumbani huongeza unga.

Saa mbili mpaka saa nne ni kazi za kawaida: visigino, zipu za mikoba, kandambili za wasichana wa hosteli. Mhadhiri mmoja aliyeleta viatu vya ngozi vibadilishwe soli alisimama akiperuzi simu, kisha akaniuliza, "Fundi, hawa vijana wako wana shida gani? Leo wako juu, kesho wako chini."

Nikamwambia, "Daktari, idara yako ingekuwaje kama kila mahafali ingepoteza robo ya walimu, tena wale wazoefu?"

Alicheka, akaenda zake. Lakini mimi sikuwa natania. Masinde ya raga imecheza Kenya Cup, ligi ya juu kabisa ya raga nchini, na imecheza pia Championship, ngazi iliyo chini yake. Ya soka imewahi kufika NSL, hatua moja tu kabla ya Ligi Kuu. Watu wakiona kupanda na kushuka huko wanasema timu haina msimamo, kocha hafai, vijana wanapenda starehe. Mimi nasema hiyo si timu moja. Jezi ni ileile, miguu ni mipya. Na miguu hiyo naijua, maana viatu vyake vinapita hapa.

Saa nne, njumu za kwanza zikafika ndani ya mfuko wa unga. Sina haja ya kumuuliza mtu anacheza wapi. Propu, yule wa mstari wa mbele kwenye skramu, njumu zake hupasuka ubavuni, pale kidole gumba kinaposukumana na ngozi. Mpiga mikwaju kiatu chake kimoja huchakaa juu karibu na kamba, na mwenzake bado kizima. Wenye mbio wa pembeni wanamaliza meno ya mbele. Hizi za leo zilikuwa za propu: ufa mrefu kama kidole, soli imeachama, na ndani kuna gundi ya dukani aliyojipakia mwenyewe usiku.

Gundi hiyo lazima itoke yote. Naikwangua kwa kisu, napiga msasa mpaka ngozi ikwaruzike vizuri, napaka gundi yangu pande zote mbili, naiacha mpaka nikiigusa isishike kidole, ndipo nabana na kugonga. Halafu nashona kwa uzi wa nailoni niliousugua nta. Mafundi wengi hapo kwenye kushona wanaruka. Skramu ni watu wanane wanasukuma wenzao wanane kwenye matope ya Kakamega, na gundi peke yake haitafika hata mapumziko.

Mwenyewe alikaa kwenye stuli na soksi, kitabu mapajani. Mwaka wa tatu, uhandisi. Nikamuuliza kesho anasukumana na nani. Akasema ni jamaa aliyekwisha kuajiriwa, anakaribia miaka 30, kazi yake ni kula, kulala na kunyanyua vyuma.

"Na wewe?"

"Mimi nina mtihani Jumatatu, fundi."

Watu wasiochezea mbele hawalielewi jambo hili. Winga wa miaka 20 anaweza kumwacha mtu yeyote nchini kwa mbio. Propu wa miaka 20 hawezi. Shingo, mgongo na ujanja wa kuingia kwenye skramu huja taratibu, na wengi huiva baada ya kutoka chuoni. Kwa hivyo chuo kinamlea propu miaka minne ya kusukumwa, na siku anapoanza kusukuma yeye, anavaa joho na kuondoka. Faida inakwenda kwa klabu nyingine. Huyu wa leo nilimtoza shilingi 150, akaniomba asubiri pesa za HELB, ule mkopo wa serikali kwa wanafunzi. Nikaandika kwenye daftari. Daftari langu linajua hali ya HELB kabla ya magazeti.

Saa sita, vijana wawili wa mwaka wa kwanza walikuwa wakingoja mkoba ushonwe. Mmoja akasema timu ya chuo haijawahi kubeba kombe kubwa na haitawahi. Nikaweka nyundo chini. Mean Machine ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliundwa 1977, na mwaka huohuo ikachukua Kenya Cup. Ikalichukua tena 1989 na 1990. Walinitazama wakidhani nawatungia. Wakaingia kwenye simu, wakanyamaza.

Tangu 1990 hakuna chuo kilicholibeba. Mzee yeyote wa baa atakwambia ni kwa sababu vijana wa leo ni laini. Si kweli. Raga hii ya wachezaji 15 ilikuwa ya ridhaa dunia nzima mpaka 1995. Enzi zile karani wa benki na mwanafunzi walikuwa sawa, wote wanacheza wakitoka kwenye shughuli nyingine, na mwanafunzi ndiye aliyekuwa na uwanja mlangoni na jioni nzima ya mazoezi. Pesa ilipoingia, mizani ikageuka. Leo yule wa klabu ndiye mwenye muda, na wa chuo ndiye anayekimbia kutoka maabara.

Saa nane, ugali na mrenda, haraka haraka.

Saa tisa ikanyesha, kama kawaida ya Kakamega. Chini ya turubai tukajaa: mimi, mlinzi wa duka la pili, kipa wa timu ya soka ya wanawake aliyekuwa ameleta njumu zake, na mwendesha boda mmoja ambaye ni Kabras damu. Sasa hapo mazungumzo yakawa mazungumzo.

Kabras, kwa asiyejua, ni jirani yetu tajiri. Nyuma yake kuna kiwanda cha sukari, uwanja wake ni Showground papa hapa mjini, ilibeba Kenya Cup mara ya kwanza 2016 na baada ya hapo imelizoea. Huyu wa boda akaanza: "Nyinyi wa chuo kazi yenu ni kutupikia. Mkishaiva chakula, tunakula."

Wengine walitegemea nikasirike. Sina ugomvi na Kabras. Kijana akitoka Masinde akaenda Showground, amebaki Kakamega, analipwa, na viatu vyake bado vinaletwa kwangu. Ni afadhali hivyo kuliko apande basi la Nairobi aishie kukaa benchi la klabu kubwa huko. Kinachoniuma ni kwamba chuo kikishampoteza, hakibaki na chochote. Hata jezi ya ukumbusho. Wasps, timu ya Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro, wanaishi maisha hayohayo: jirani yao ni Nakuru, klabu iliyochukua kombe 2013 na 2014, na mtoto wa Njoro akiwa na kipaji barabara ya kwenda mjini anaiona.

Mlinzi, ambaye huwa haongei sana, akauliza mbona basi Strathmore Leos wanadumu, na Blak Blad wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, na juzi juzi Catholic Monks na Daystar Falcons wakaingia Kenya Cup? Si nao ni vyuo?

Swali zuri, na jibu langu ni hili. Tazama Leos na Blad, utakuta watu waliomaliza masomo kitambo. Mtu ana kazi yake mjini, jioni anarudi kufanya mazoezi na timu yake ya chuo, Jumamosi anavaa jezi. Nairobi inawezekana kwa sababu kazi ziko hapo. Hapa Kakamega mhitimu akikaa, anakula nini? Ndiyo maana nasema, na nimeshawaambia viongozi kadhaa wa wanafunzi waliokaa kwenye stuli hii: chuo kiwape wahitimu wanane tu kazi, yoyote ile, maktaba, uwanja, ulinzi, stoo. Wanane wa mbele. Wenye mbio watajitafuta wenyewe, kila mwaka shule za huku zinatema wengine. Skramu ikiwa ya watu wazima, timu haishuki.

Wa boda akasema hata hiyo haitoshi, maana chuo chenyewe hufungwa. Hapo sikumpinga. Ligi ya raga haijui muhula. Ratiba ikitoka imetoka, iwe ni wiki ya mitihani au likizo. Mwaka 2025 mgomo wa wahadhiri wa vyuo vya umma ulidumu siku 49, kuanzia Septemba mpaka Novemba mwanzoni. Hicho ndicho kipindi cha kujenga mwili kabla ya msimu. Wachezaji wa klabu walikuwa wakinyanyua vyuma, wa vyuo vya umma wako nyumbani wakichuma chai au kuchunga duka la mjomba. Vyuo vya kibinafsi havikugoma. Halafu mtu anakuja kulinganisha matokeo.

Wakati sisi tunapiga kelele, yule kipa alikuwa kimya akinitazama mikono. Njumu zake ni za kiume, za mitumba, kubwa kuliko mguu wake. Alikuwa akijazia karatasi mbele. Nikazitoa karatasi, nikamkatia soli mbili za ndani kutoka kwenye kipande kikuukuu cha godoro, moja nzima, nyingine nusu ya kisigino, ili mguu usiteleze akiruka. Akajaribu, akaruka papo hapo kwenye matope, wote tukarudi nyuma.

Timu yao inazungumziwa kidogo kuliko zote, na hilo ni kosa la sisi mashabiki. Soka ya wanawake magharibi si ya kubahatisha. Vihiga Queens, jirani zetu wa kusini, walishinda mashindano ya CECAFA, yale ya Afrika Mashariki na Kati, 2021 wakaenda Cairo kwenye Ligi ya Mabingwa ya wanawake ya Afrika, ya kwanza kabisa. Mshambuliaji Jentrix Shikangwa alipitia shule ya Wiyeta, akapita Vihiga Queens, leo anajulikana Tanzania yote kwa mabao yake Simba Queens. Njia ipo, inaanzia shule inaishia klabuni. Chuo ndicho kilichoachwa kando ya njia hiyo, na hapa hakuna kisingizio cha uzito wala umri, maana msichana wa miaka 20 anacheza ligi kuu bila shida. Hapa chuo kikiamua kuweka ufadhili wa karo kwa wasichana 15, mimi naamini ndani ya muda mfupi kingekuwa na timu ya kuogopwa. Kipa akasema, "Fundi, andika barua." Nikamwambia mimi nashona, yeye ndiye anayesomea kuandika.

Saa kumi na moja jioni mvua ilikatika. Timu ya raga ilipita kwenda kufanya mazoezi mepesi, wengine peku, njumu mkononi. Nusu ya wanafunzi waliokuwa barabarani hawakujua hata hao ni nani. Timu ikishinda, wanafunzi hawa hawa huimba mpaka usiku na ngoma ya isukuti inapigwa. Ikifungwa mechi mbili, majukwaa yanabaki na mimi, mama wa mandazi na watoto wa Sichirai.

Saa kumi na mbili na nusu ni saa ya kuchukua viatu. Wengine walilipa, wengine waliingia daftarini. Propu wa uhandisi alikuja akakunja njumu kushoto na kulia, akavuta uzi kwa ukucha, akatikisa kichwa ameridhika. Nikafunga.

Saa mbili usiku, nyumbani, mama watoto ananiuliza kama kesho tunashinda. Nimemwambia hapana. Wageni ni wazito mbele, na baada ya dakika ya 60 watatusukuma. Lakini tutafungwa kwa pointi zisizozidi saba, na hiyo ni pointi moja ya bonasi kwenye jedwali. Anasema pointi moja hainunui sukari. Aulize timu iliyowahi kushuka daraja kwa pointi moja. Mstari wetu wa mbele utashika kipindi cha kwanza, hilo naliweka dhamana, uzi nimeupitisha mara mbili. Cha pili kinategemea nani yuko benchi, na nasikia propu wa akiba amekwenda kwao kutafuta karo.