Mstari wa Kutu

Kigari kilikuwa kimekaa chini ya turubai miaka mitatu. Mwenyewe hakuficha: watoto wake walikuwa wamekua hadi magoti yanagonga usukani, na tangu waliposhuka mara ya mwisho hakuna aliyekigusa. Ilikuwa bagi ya watoto, ile ya kuchezea kwenye vumbi na matope: viti viwili, fremu ya mabomba inayopita juu ya vichwa, tairi nne zenye meno manene, injini nyuma. Tairi mbili hazikuwa na upepo. Kiti cha kushoto kilikuwa kimeshageuzwa nyumba na panya. Mwanangu wa kiume, wakati huo ana miaka 11, alishaingia na kushika usukani kabla hatujamaliza kuongea. Mdogo wake, binti wa miaka 8, alikuwa amechuchumaa nyuma akiangalia cheni.

Mimi niliiangalia injini. Ilikuwa ya silinda moja, cc 163, ya mtindo wa Honda GX160, zile zinazofungwa kwenye pampu za maji na jenereta ndogo. Marehemu baba yangu alikuwa na pampu yenye injini ya namna hiyo, na kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ya kwanza niliyoifungua maishani ilikuwa ya pampu ile, nikiwa nimeshikiliwa taa na yeye. Nilipoiona pale, imejaa vumbi, roho yangu iliridhika papo hapo. Nilijiambia kwamba hii ikiwaka, kazi imekwisha. Kwa wiki tatu zilizofuata niliifikiria injini peke yake, na hapo ndipo nilipokosea.

Kamba ya kuwashia ilivutika vizuri, plagi ilitoa moto, lakini haikuwaka. Nilitarajia hivyo. Petroli iliyokaa miaka haibaki kuwa petroli: sehemu nyepesi zinapotea hewani, kinachobaki ni utomvu. Nilipofungua bakuli la kabureta harufu ilinipiga puani, kali kama rangi iliyochacha, na chini ya bakuli kulikuwa na tope la kahawia linalonata vidoleni. Jeti, vijitundu vya shaba vinavyopitisha petroli, zilikuwa mbili. Ile kubwa nilisafisha kwa dakika chache. Ile ndogo, inayolisha injini inapotulia bila kukanyaga mafuta, ndiyo iliyokula jioni nzima. Tundu lake sindano ya kushonea haiingii. Nililoweka, nikapuliza kwa pampu, wapi. Mwishowe nilichuna kipande cha waya wa umeme, nikatoa uzi mmoja tu wa shaba, nikaanza kusukuma polepole. Shaba ni laini, haiparui wala kupanua tundu. Ukitumia waya wa chuma utaiharibu jeti na injini itakunywa mafuta kuliko inavyopaswa. Binti yangu alikuwa ameishika jeti kwa koleo, ameielekezea kwenye taa, jicho moja kalifumba.

"Bado, Baba. Bado. Bado."

Kisha akanyamaza kidogo. "Naiona! Ni nukta!"

Nami nikachukua nikaangalia. Kweli, nukta moja ya mwanga katikati ya shaba nyeusi.

Mengine yalikwenda haraka. Oili mpya ya 10W-30, kama lita 0.6. Plagi mpya, mwanya milimita 0.7. Valvu nilizipima injini ikiwa baridi, 0.15 ya kuingiza na 0.20 ya kutolea moshi. Kwa kuvuta kamba mara ya sita ikashika, ikakohoa moshi mweupe, ikatulia. Mwanangu aliruka huku na huko kama kashinda kombe.

Ndipo nilipoona kwamba springi ya gavana ilikuwa imefungwa kwa waya wa kufungia nondo. Mtu aliyefanya vile alitaka mwendo. Gavana ndiyo inayoizuia injini hii isipite mizunguko kama 3,600 kwa dakika, na watu wengi huiona kama adui. Lakini gurudumu zito lililo pembeni ya injini hizi ni la chuma cha kusubu, na mkono wa pistoni ni wa alumini. Vimetengenezwa kwa mizunguko hiyo. Ukivizidishia, siku moja kimojawapo kinapasuka, na kwenye bagi injini iko mgongoni mwa mtoto. Nilikata ule waya. Kijana alininunia siku mbili.

Akaninunia zaidi nilipobadilisha sproketi, gurudumu la meno linalovuta cheni. Mbele, kwenye klachi, palikuwa na meno 12, nyuma 60. Tulikaa chini na karatasi mimi naye: injini ikizunguka mara 3,600, tairi zinazunguka 720, tairi zetu zilikuwa na kipenyo cha sentimita 33, kwa hiyo kila mzunguko ni mita moja na kidogo, inakuja karibu kilomita 45 kwa saa. Nikamwonyesha na kikombe cha klachi, kilivyogeuka buluu, rangi ya chuma kilichochomwa. Klachi ya namna hii hushika kwa kasi ya injini, viatu vyake vinafunguka na kukibana kikombe. Ukiipa mzigo mzito isiouweza, haishiki sawasawa, inasuguana tu hadi inaungua. Kwa meno 10 tungepata kilomita 37 hivi, na kigari kingepanda mlima bila kulalamika. Alikubali hesabu, ingawa moyo wake haukukubali. Chini ya pedali ya mafuta niliweka bolti ndefu yenye nati ya kuifunga, ili isikanyagwe hadi mwisho, na nikamwahidi kwamba kila mwezi nitaishusha kidogo.

Jumamosi ya wiki ya tatu alikiendesha alasiri nzima. Palikuwa na uwanja wa wazi wenye matuta madogo, alizunguka humo hadi petroli ikaisha, nikamjazia tena. Nilikuwa nimesimama pembeni nikisikiliza injini, na kusema kweli nilifurahi kuliko yeye. Sauti ilikuwa safi, haikatiki. Nilimwambia kesho tutakipeleka kwenye mteremko.

Binti yangu hakupata zamu siku ile. Miguu yake haikufika kwenye pedali, nami nilikuwa nimesema nitamtengenezea, halafu nikasahau, kwa vile mambo ya injini hayakuisha kichwani. Hakulia. Alichukua ndoo, sabuni na mswaki wa zamani, akaanza kukisafisha kigari. Na yeye akisafisha kitu anasafisha kweli. Alikwenda bomba kwa bomba, nati kwa nati, mimi nikiwa nimekaa pembeni nasifia kabureta yangu kwa yeyote aliyepita.

"Baba, huu mstari hautoki."

Nikamwambia aongeze sabuni.

"Hautoki. Na hapa rangi haijachubuka. Unatoka ndani."

Niliinuka kwa uvivu. Alikuwa ameweka kidole mbele, upande wa kulia, pale ambapo bamba linaloshika ekseli ya gurudumu limechomelewa kwenye bomba la fremu. Mstari mwembamba kama unywele, wa rangi ya kutu, umezunguka karibu nusu ya bomba, na chini yake maji ya sabuni yalikuwa yanachuruzika yakiwa mekundu kidogo. Nilijua ni nini kabla sijapiga goti. Kutu inayokaa juu ya chuma inasambaa kama doa. Inayotokea kwenye mstari ulionyooka inatoka kwenye ufa. Maji yameingia na yanatoka na kutu.

Nilikiinua mbele kwa jeki, nikashika tairi juu na chini, nikalitikisa. Ufa ulifunguka ukafumba. Nikatikisa tena. Ulikuwa unafunguka na kufumba kama midomo ya samaki, na kila ulipofumba ulitema tone la maji mekundu.

Mwanangu alikuwa ameruka matuta na kitu kile kwa saa tatu. Mimi ndiye niliyemjazia petroli mara ya pili. Nilikaa chini pale pale kwenye maji ya sabuni, na sikuweza kusema kitu kwa muda. Gurudumu lile lingeng'oka siku yoyote, na kesho yake tulikuwa tunakwenda kwenye mteremko. Binti yangu alidhani nimekasirika. Aliniuliza kama ndiye aliyekivunja kwa kusugua. Nikamkumbatia akiwa ameloa vile vile.

Fundi wa kuchomelea tuliyempelekea, kitu cha kwanza alichosema ni, "Toa tangi." Nikamwambia halina mafuta. "Hasa ndiyo maana," akasema, "tangi tupu limejaa mvuke, na mvuke ndio unaolipuka." Tukalitoa, tukaliweka mbali. Mimi nilitegemea angepitisha mstari wa moto juu ya ufa, dakika mbili, tuondoke. Alikwangua rangi yote kwanza, ufa ukaonekana mrefu kuliko tulivyodhani. Akatoboa tundu dogo pale unapoishia, akasema ufa ukikuta tundu la duara unakosa pa kuendelea. Akausaga ukawa mfereji, ndipo akachomelea kutoka chini kuja juu. Baadaye akakata vipande viwili vya bamba vya pembetatu, akavipachika kwenye kona ili mzigo usibebwe na bomba peke yake.

"Ukiufunika juu tu," alisema, "unaendelea chini kwa chini na huuoni."

Akafanya hivyo hivyo na upande wa kushoto, ambao haukuwa na ufa wowote. Nilipenda kwamba hakuuliza. Alipovua kofia ya kuchomelea aliuliza ni nani aliyeuona. Nikamwonyesha. "Ni wewe, mama?" akamwambia binti yangu. "Una jicho la fundi." Njia nzima ya kurudi alikuwa kimya, mikono kaiweka mapajani, kama mtu aliyebeba kitu kinachoweza kumwagika.

Baada ya hapo nilikianza kigari upya, safari hii injini nikaiacha mwisho. Breki ilikuwa ya mkanda unaobana kikombe kwenye ekseli ya nyuma, na mkanda ulikuwa umelowa mafuta ya cheni. Nilikiweka kwenye mwinamo mdogo, nikakanyaga kwa nguvu zangu zote, kikaendelea kuteremka taratibu. Mtoto alikuwa ameendesha hivyo! Nikafunga breki ya diski inayotumia mafuta. Kutoa hewa tulifanya wote watatu: kijana anakanyaga pedali na kushikilia, mimi nafungua nati ya kutolea hewa, dada yake anaangalia mpira mweupe na kutangaza mapovu. Yalipokwisha mapovu, pedali ikawa ngumu kama jiwe chini ya mguu, na nilitamani kuikanyaga tena na tena.

Springi ya kurudisha pedali ya mafuta niliifanya kuwa mbili, ili moja ikikatika nyingine ibaki. Cheni nikaifunika kwa bamba, na ekzosi nikaizungushia wavu. Mikanda ya kiunoni niliitoa, nikaweka ile ya sehemu nne inayoshika mabega pia. Swichi ya kuzima injini nilifunga ya kamba: mwisho mmoja kwenye swichi, mwingine kwenye mkono wa dereva, mtu akitoka kwenye kiti injini inakufa. Na kiti cha dereva nilikiweka juu ya reli, kikasogea mbele sentimita 15, na kwenye pedali nikafunga vipande vya mbao. Hiyo ndiyo kazi iliyochukua muda mfupi kuliko zote. Alasiri moja. Nilikuwa nimemwambia asubiri wiki tano kwa kazi ya alasiri moja.

Kwenye mteremko binti yangu ndiye aliyetangulia. Alipanda sawasawa, akageuza juu, akaanza kushuka kwa ubavu, na injini ikazima. Ikawaka tena. Ikazima pale pale. Nilianza kuilaumu kabureta, halafu nikakumbuka: injini hizi zina floti, kiboya kidogo, ndani ya oili, oili ikishuka inakata moto wa plagi ili injini isijisage. Kwenye pampu inayokaa tuli ni msaada mkubwa. Kigari kikilala ubavu, oili inahamia upande wa pili, floti inadhani imekwisha. Nikautenganisha waya wake. Kwa kuwa sasa hapakuwa na wa kutuonya, tulikubaliana kwamba hakuna anayevuta kamba kabla ya kutoa kijiti cha oili, kukifuta, kukirudisha na kukisoma. Kaka yake alijitolea kuifanya kazi hiyo, nami sikumwomba.

Akaenda tena. Nilimwona akikata kona ya chini, tope likiruka juu ya fremu, kofia kubwa ikitikisika kichwani, mikono yote miwili kwenye usukani kama nilivyomwambia. Alipanda, akashuka, akapanda. Mara ya nne alikuja hadi niliposimama, akakanyaga breki, kigari kikasimama palepale. Alizima, akafungua mikanda, akashuka. Nilidhani anakuja kwangu. Alizunguka mbele, akalala chali kwenye nyasi, na kofia bado kichwani, akapangusa tope kwenye ile kona kwa kidole gumba.

"Nipe tochi, Baba."

Nikampa. Aliangalia kulia, akajivuta, akaangalia na kushoto.

"Hakuna mstari," akasema, akanirudishia tochi, akamwita kaka yake aje achukue zamu.