Mafuta Yaliyobaki

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Somo la wiki hii ni 2 Wafalme 4:1-7, mjane na chupa yake ya mafuta. Tumelijua tangu Shule ya Jumapili. Tukilihubiriwa, mahubiri hukaa kwenye vyombo kujaa, na mstari wa saba unafikiwa watu wameshaanza kutafuta sadaka mfukoni. Mimi nataka tukae hapo hapo kwenye wa saba, ila kwanza niwaambie habari ya cherehani yangu. Baadhi yenu mnaijua, wengine mmesikia ya pembeni.

Ilikuwa Desemba, msimu wa sare. Fundi yeyote wa hapa Morogoro anajua kwamba Desemba na Januari ndizo zinazotulisha hadi Pasaka. Shule moja ilinipa kazi ya sketi na kaptula, kitambaa nitafute mwenyewe, hela wangenipa nikikabidhi. Nikakopa laki tatu kwa hawa wa kausha damu, wakopeshaji wa riba kali. Rejesho elfu hamsini kila Jumatatu, wiki nane. Piga hesabu mwenyewe, mimi sikupiga. Kazi nikamaliza, nikakabidhi, shule ikasema wazazi hawajalipa ada, nisubiri. Jumatatu ya kwanza nikapitisha kwa aibu, ya pili nikamtuma mwanangu aseme sipo. Ya tatu walikuja vijana wawili na bisibisi. Hawakubeba cherehani nzima. Walifungua kichwa wakakifunga kwenye shuka langu mwenyewe, meza wakaniachia. Nilikaa wiki tano naitazama ile meza yenye tundu katikati, mkanda umening'inia, futi yangu bado iko shingoni kwa mazoea.

Nilikuja kukutana na Kumbukumbu la Torati 24:6 baadaye sana, nikacheka peke yangu. Torati inamkataza mkopeshaji kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, maana hapo amechukua uhai wa mtu. Jiwe la kusagia ndilo cherehani! Ndilo pikipiki ya bodaboda, ndilo jiko la mama lishe. Mistari ile ya mbele inasema hata ukichukua vazi la maskini, umrudishie jua likizama alale nalo. Deni halijafutwa, liko pale pale. Lakini Mungu anayesema deni lilipwe ndiye huyo huyo anayemkumbuka mdaiwa kwamba leo usiku atalala, na kesho asubuhi atataka unga.

Ndugu zangu walioajiriwa serikalini wana kanuni inayofanana na hiyo: makato yawe mengi namna gani, mtumishi abaki na theluthi moja ya mshahara. Sisi mafundi na wauza mboga hatuna afisa utumishi wa kutulindia theluthi yetu. Anayetukopesha hajali tutakula nini, na sisi wenyewe tukishaingiwa na woga hatujali pia. Na hilo la pili ndilo linalonifanya niandike leo.

Kichwa cha cherehani nilikikomboa kwa mkopo wa kikoba. Mnaujua utaratibu, wengi wenu mko kwenye hiki hiki chetu cha Jumamosi: unanunua hisa kuanzia moja hadi tano, unapigiwa mihuri kwenye kitabu, unakopa hadi mara tatu ya hisa zako, sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu. (Wanaofuatilia historia ya vikundi vya namna hii wanatupeleka Niger, mwaka 1991, kwa wanawake wa Maradi. Napenda kujua kwamba kuna mama wa Kihausa alihesabu sarafu kwenye mkeka kabla yangu.) Riba yenyewe inarudi kwetu tukivunja kikoba na kugawana mwisho wa mwaka. Basi nikalipa wale vijana, kichwa kikarudi mezani, nikamshukuru Mungu mbele ya usharika na wimbo nikaanzisha mimi.

Kilichofuata sikukitolea ushuhuda. Niliingiwa na hofu ya pesa. Kila shilingi niliiona ina miguu. Sukari ikaondoka nyumbani, nazi ikaondoka, nyama ikawa ya Krismasi. Kichenpati ya mtoto wa dada yangu nilisema naumwa. Sikuwa naumwa, nilikuwa na elfu kumi nisiyotaka kuitoa. Watu wakinisifu kwamba nina nidhamu ya fedha, nami nikaanza kuamini kuwa ni tunda la Roho.

Kisha shule ya kitinda mimba wangu ikapanga safari ya Mikumi. Kutoka Morogoro ni hapo tu, barabara ya Iringa, wengine wanaona tembo bila kiingilio wakiwa kwenye basi. Walitaka elfu kumi na tano. Nilikuwa na elfu ishirini, na safari ilikuwa Jumamosi. Nikamwambia mtoto tuna deni. Ni kweli tulikuwa nalo, nilikuwa sijamaliza mkopo wa kikoba, ingawa rejesho la wiki ile nilikuwa nimeshalitenga. Jumamosi hiyo nikaenda kikobani nikanunua hisa zote tano, mihuri mitano mizuri kwa wino wa bluu. Niliporudi alikuwa anafagia vipande vya nyuzi chini ya cherehani, kazi ambayo sikumtuma. Hakununa. Aliuliza tu, "Mama, hela za kwenye sanduku ni za nani?"

Nikamwambia ni zetu. Akasema, "Aa," akaendelea kufagia.

Sasa turudi kwa mjane. Mumewe alikuwa mmoja wa wana wa manabii, mcha Mungu, na amekufa akaacha deni. Tulipime hilo kabla hatujamhukumu mwenye deni yeyote jumuiyani. Mwenye kumdai anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Elisha anamwambia akaombe vyombo vitupu kwa majirani, visiwe vichache. Kiswahili chetu kinatusaidia hapa: hakumwambia akakope, alimwambia akaazime. Cha kuazima kinarudi kilivyo, sufuria inarudi sufuria. Cha kukopa kinarudi na watoto wake. Mama akafunga mlango, akamimina, vyombo vikaisha na mafuta yakakoma.

Hapo mimi ningekimbia sokoni. Yeye alirudi kwa mtu wa Mungu kuuliza afanye nini. Na jibu la mstari wa saba ni fupi kuliko ushauri wowote wa fedha niliowahi kupewa: uza mafuta, lipa deni lako, na yaliyobaki mkaishi wewe na wanao. Yote kwa pumzi moja. Kulipa kumetangulia, hilo halina mjadala, na anayesema "Mungu atafungua mlango" huku anachangia harusi kwa hela ya kausha damu asije akasingizia andiko hili. Lakini nabii hakuishia kwenye kulipa. Hakumwambia yaliyobaki ayafukie, wala hakumwambia watoto wangoje hadi mambo yakae sawa. Wale wavulana walikuwa karibu wauzwe, na ndio waliokuwa wakimletea vyombo. Nao walipaswa kula mafuta yale, na naamini walikula, na pengine yalidondoka kwenye nguo.

Nilikuwa nimesoma nusu ya mstari. Lipa, lipa, lipa, halafu weka.

Kuweka si kosa, nisieleweke vibaya. Mithali inatutuma kwa mdudu chungu tukajifunze, na mwenye kikoba amemwelewa chungu. Ila someni Kutoka 16 jioni moja mkiwa na nafasi. Watu waliambiwa waokote mana ya siku ile. Wengine wakaibakiza hadi asubuhi, ikatoa mabuu, ikanuka. Siku ya sita wakaambiwa waokote maradufu na waweke, na ile haikunuka. Mana ni ile ile. Iliyowekwa kwa sababu mtu haamini kwamba kesho kutakuwa na kitu iliharibika, na iliyowekwa ili watu wapumzike Sabato ikabaki nzima. Nilipovisoma hivyo vifungu nilifungua kitabu changu cha hisa nikaitazama ile mihuri mitano ya siku ya Mikumi kwa muda mrefu.

Na wale wanaodhani furaha ni jambo la kidunia wasome Kumbukumbu 14, kuanzia mstari wa 22. Anayekaa mbali na mahali pa ibada aliruhusiwa kuuza zaka yake, aende na fedha mkononi, anunue chochote roho yake inachotamani, ale mbele za Bwana na nyumba yake wafurahi, na Mlawi asisahauliwe. Najua kuna wazee wa kanisa ambao hawapendi tuisome sura hiyo wiki ya mavuno.

Mtaniuliza nafanyaje sasa. Sina fomula. Deni lenye riba ya kila wiki nalimaliza kwanza kabla ya jingine lolote, maana hilo halilali. Sikopi tena kwa mtu kabla sijaona leseni yake ya Benki Kuu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ipo tangu 2018, na mkopeshaji anayekasirika ukiuliza leseni ameshakujibu. Kadi ya mchango wa harusi siandiki ahadi, natoa nilichonacho siku hiyo au naenda kuosha vyombo. Rejesho likitoka, hisa zinafuata, mbili au tatu. Kisha kuna fungu dogo ambalo limekatazwa kulipa deni na limekatazwa kuingia sandukuni. Baba watoto analiita zaka ya tumbo. Mara ya kwanza nilipolitenga mkono ulinitetemeka, nikahisi kama namwibia mtu. Lilikuwa elfu nne. Tulinunua miwa miwili na karanga, tukapanda na watoto kidogo upande wa milima ya Uluguru, tukakaa kwenye jiwe. Kitinda mimba aliniambia akiwa mdomo umejaa maji ya muwa kwamba kutoka pale, ukikaza macho, unaona tembo. Haonekani. Nikasema ndiyo, namwona.

Safari ile ya Mikumi haikurudi. Mwaka uliofuata shule haikupanga nyingine, na sasa yuko sekondari, hana haja sana na tembo.

Kwa wiki hii tusome mistari hiyo saba nyumbani, kwa sauti, na watoto wakiwepo. Tuwaulize wao mjane alinunua nini kwa hela iliyobaki. Wangu mmoja alisema viatu, mwingine akasema maandazi. Na tuwaombee wale wawili wa jumuiya yetu wenye rejesho Jumatatu, wanajijua. Atakayeweza kumwazima mmoja wao overloki, ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa, kwa wiki mbili, aje tuzungumze.

Kesho ni siku ya sanduku. Nina hela ya hisa tatu kwenye pochi, na shilingi elfu moja na mia tano za nazi nimezifunga kwenye pindo la khanga, fundo mbili, nisije nikazitia kwenye hisa ya nne.