Nilivyojifunza kuzitambua aina za roki nikiwa nje ya mlango

Ushauri wa kwanza niliopewa nilipotaka kuujua muziki wa roki kwa undani ulikuwa mbaya, na unaniudhi zaidi kwa kuwa bado nausikia ukipewa vijana wengine hapa Mombasa. Niliambiwa nitafute mchoro wa matawi yote ya muziki huo, nikariri majina ya bendi na miaka yao, na nianze na bendi kubwa za Uingereza za miaka ya 1970, kwa sababu eti hizo ndizo roki halisi na yaliyotangulia ni maandalizi tu. Niliufuata ushauri huo kwa uaminifu. Kwa majuma mengi, baada ya kazi, nilikaa chumbani kwangu Tudor nikijisomesha kwamba hawa ni hevi metali, wale ni panki, na wengine ni roki ya bluzi. Majina niliyashika barabara, lakini ukipigwa wimbo nisioujua ndani ya matatu, sikuweza kusema ni wa aina gani mpaka nitajiwe waliouimba.

Aliyenifungua masikio ni ami yangu, ambaye kwa miaka mingi alipiga gitaa la besi katika bendi za hoteli za pwani ya kaskazini, nyakati zile ambapo kila hoteli ilitaka bendi yake. Usiku mmoja nilikuwa nikisikiliza muziki chumbani huku nimefunga mlango, naye amekaa sebuleni akinywa kahawa. Nilipotoka akaniuliza, "Mwanangu, hao si Waingereza wale wazito wa zamani? Besi na gitaa la solo wanafuatana hatua kwa hatua." Nilikuwa nikisikiliza albamu ya kwanza ya Black Sabbath, ya mwaka 1970. Nikamuuliza, "Ami, umejuaje, nawe hukulisikia hata neno moja la mwimbaji?" Akanijibu kwamba sauti ya mwimbaji ilibaki chumbani kwangu, huku nje yalimfikia mapigo na besi tu, na kwa mtu aliyepiga besi, hayo yanatosha.

Tangu usiku ule niliuweka mchoro kando. Nilinunua kwa fundi wa redio wa Mwembe Tayari spika kubwa iliyokwisha kutumika, kwa shilingi elfu chache, nikaiweka chumbani, nikawa nawasha muziki, nafunga mlango na kukaa ukumbini na daftari. Kazi hii haiwezekani kwa spika ya simu, kwa sababu spika hiyo haina besi, na besi ndiyo inayopenya mbao na ukuta. Katika daftari niliandika mambo matatu: mwendo ni wa kasi gani, pigo zito linaangukia wapi, na besi inafanya nini. Baada ya hapo ndipo nilipofungua mlango ili kulisikia gitaa na kuhakikisha.

Matokeo yalinishangaza kwa uwazi wake. Black Sabbath, vijana wa Birmingham, besi yao inabeba mahadhi yaleyale ya gitaa, polepole na kwa uzito, kiasi kwamba hata nje ya mlango unaweza kuyaimba. Ramones wa New York, ambao albamu yao ya kwanza ya mwaka 1976 ina nyimbo 14 zinazokwisha kabla ya nusu saa, besi yao inakimbia kwa mapigo yaliyolingana bila kupumua, na hiyo ndiyo panki. Ukihesabu mapigo ukaona yanarudi mwanzo kila baada ya saba badala ya manne, kama katika "Money" ya Pink Floyd ya mwaka 1973, umekutana na watu wanaopenda kuvunja hesabu ya kawaida. Nirvana, katika wimbo uliowatangaza duniani mwaka 1991, beti zao zinapita kwa besi na ngoma tulivu, kisha kibwagizo kinapasuka hata mlango ukatetemeka. Kupanda na kushuka huko kumekuwa alama kubwa ya granji, tawi la roki la mji wa Seattle.

Furaha yangu kubwa zaidi, hata hivyo, ilikuwa kwa nyimbo za miaka ya 1950, zile nilizoambiwa nizipite. Nilipowasha wimbo wa Bo Diddley wa mwaka 1955, watoto wa dada yangu walianza kuyapiga makofi yale mapigo kabla sijawaambia lolote, na ndani yake mna marakasi zinazofanya kazi ileile ya kayamba zetu. Kwa Chuck Berry nikagundua jambo ambalo hakuna mchoro ulionionyesha: mpiga ngoma bado anabembea kama mtu wa jazi, ilhali gitaa linasukuma mapigo yaliyonyooka, yaani yaliyogawanywa sawasawa, na mvutano huo ndio unaokuinua kitini. Baadaye ngoma nazo zikanyooka, na ninaamini kwamba asiyeusikia mvutano ule wa mwanzo hawezi kuelewa ni nini kilichobadilika.

Hapo historia ikajipanga yenyewe. Nilimsikiliza Sister Rosetta Tharpe, aliyekuwa akiimba nyimbo za injili kwa gitaa la umeme tangu miaka ya 1940. Nikasikiliza "Rocket 88," iliyorekodiwa Memphis mwaka 1951, ambamo gitaa linakwaruza kwa sababu amplifaya iliharibika na ikajazwa karatasi ili ifanye kazi. Kuanzia hapo mkwaruzo ukawa kitu cha kutafutwa makusudi, hata Dave Davies wa The Kinks akaichana spika yake kwa wembe kabla ya kurekodi "You Really Got Me" mwaka 1964. Vijana wa Uingereza wa kizazi hicho walijifunza kwa kusikiliza santuri za Wamarekani weusi. The Rolling Stones walichukua jina lao kutoka kwa wimbo wa Muddy Waters wa mwaka 1950. Anayekutuma uanzie miaka ya 1970 anakunyima haya yote.

Mzee mmoja jirani yetu, mpenzi mkubwa wa taarabu, alikuwa amekwisha kuniambia kwamba ninapoteza muda na kelele za Wazungu. Nilimkaribisha kwa heshima, nikamwekea "Misirlou" kama ilivyopigwa na Dick Dale mwaka 1962, bila kumwambia ni nini. Alisikiliza kidogo, kisha akasema, "Hii ni njia ya Hijazi, na huyu mpigaji anaupiga udi kwa gitaa." Hijazi ni mpangilio wa sauti wa muziki wa Kiarabu. Nami nikamweleza kwamba Dick Dale baba yake ni wa asili ya Lebanoni, kwamba alimsikia mjomba wake akipiga udi, na kwamba kasi ile ya kupiga uzi mmoja kwenda na kurudi aliitoa katika muziki wa Kiarabu, akaigeuza kuwa roki ya mawimbi, yaani "surf", ya California. Mzee aliomba wimbo urudiwe. Sisi watu wa pwani tuliokua tukimsikiliza Zein l'Abdin, mpiga udi wa taarabu, tuna masikio yaliyokwisha kuandaliwa, na ni dhuluma kuambiwa kwamba muziki huu haututhamini wala hautuhusu.

Siku hizi vijana wa mtaani huja kwetu jioni kusikiliza kwa njia hiyo, wakiwa ukumbini na mlango umefungwa. Hivi karibuni niliwawekea WITCH, bendi ya Zambia ya miaka ya 1970. Mmoja alisema ni roki ya bluzi, mwingine akashikilia kwamba mwendo wa ngoma ni wa Afrika, na mlango ulipofunguliwa wakasikia mkwaruzo wa gitaa unaomkumbusha mtu Jimi Hendrix. Wote wawili walikuwa sahihi, kwani Zamrock, yaani roki ya Zambia, ilijengwa kwa mchanganyiko huo hasa.

Anayetaka kujaribu aanze na "Hound Dog" ya Big Mama Thornton ya mwaka 1953, kisha ileile ya Elvis Presley ya mwaka 1956, moja baada ya nyingine, na aandike tofauti za mapigo kabla ya kufungua mlango. Akishaziweza hizo mbili, amwendee Bo Diddley.