Kidonda Kiwe Kisafi na Kikavu

Katika mwaka wangu wa tatu wa kuhudumu kwenye wodi ya upasuaji, nilikuwa nimezoea kuwaaga wagonjwa kwa maneno yale yale: kidonda kiwe kisafi na kikavu, usinyanyue vitu vizito, urudi siku ya kutolewa nyuzi. Hivyo ndivyo nilivyomwambia mama mmoja wa makamo aliyekuwa amefanyiwa upasuaji wa tumbo, huku mkononi nikiwa na mafaili ya wagonjwa wengine wanne waliokuwa wakisubiri kuruhusiwa asubuhi hiyo. Nilimuuliza kama ameelewa. Akajibu, "Nimeelewa, sista," nami nikampa karatasi ya maelekezo na kumwita anayefuata.

Alirudi baada ya siku sita, kabla ya miadi yake, akiwa ameshikwa mkono na binti yake. Nilipofunua mshono nilikuta umeachia upande wa chini kwa urefu wa sentimita tatu hivi, kingo zake zimekuwa nyeupe, nyuzinyuzi za pamba zimenasa ndani, na usaha mwembamba unatoka. Joto la mwili lilikuwa nyuzijoto 38.4. Ninakiri kwa masikitiko kwamba wazo langu la kwanza lilikuwa kuwa mama huyu amepuuza.

Hakuwa amepuuza hata kidogo. Nilipomwomba anisimulie alivyokuwa akikitunza kidonda, alisema kuwa kila asubuhi na kila jioni alibandua bandeji, akalowesha pamba kwa spiriti na kuusugua mshono hadi ukawaka moto, kwa kuwa nilimwagiza kidonda kiwe kisafi. Na kwa kuwa nilimwagiza pia kiwe kikavu, hakuwa ameoga tangu atoke wodini. "Nilivumilia, mwanangu," aliniambia, "nikijua maumivu yale ndiyo dawa inafanya kazi."

Nilikosa la kumjibu. Sikuwa nimemwambia kwamba spiriti huunguza chembe changa zinazojaribu kuziba kidonda, wala kwamba baada ya saa 48 za mwanzo mshono uliofungwa vizuri kwa kawaida huweza kupitiwa na maji ya kuoga, mradi usilowekwe wala kusuguliwa, kisha ukaushwe taratibu kwa kitambaa safi. Yeye alichukua maneno yangu mawili na kuyatimiza kwa bidii kuliko mgonjwa yeyote niliyewahi kumhudumia.

Daktari alitoa nyuzi chache, akakiosha kidonda kwa maji ya chumvi yaliyotakaswa na kukiacha wazi ili kijazie kutoka chini kuja juu. Mama alilazwa tena kwa siku nane, akapewa viuavijasumu, na siku hizo zote nilizitumia kumfundisha yeye pamoja na binti yake, jambo moja kila tulipobadilisha bandeji. Kwanza ilikuwa mikono: sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 40 hadi 60, kabla na baada ya kugusa bandeji. Binti aliharakisha mara mbili, nami nikamwomba aanze upya. Tulizungumzia pia namna ya kukumbatia mto tumboni wakati wa kukohoa. Sehemu iliyotuchukua muda mrefu zaidi ilikuwa kutofautisha majimaji mepesi ya kawaida na usaha, na wekundu wa kando ya mshono na ule unaozidi kutambaa, kwa sababu mambo haya hayashikiki kwa kusimuliwa. Ilibidi tuyatazame pamoja juu ya gozi, kitambaa chepesi cha kufunikia kidonda, iliyotumika. Niliacha kabisa kuuliza "Umeelewa?" Badala yake nilisema, "Mama, nionyeshe utakavyofanya ukiwa nyumbani," kisha nikanyamaza na kumtazama.

Siku ya kuruhusiwa mara ya pili ndipo alipouliza swali ambalo mara ya kwanza sikumpa nafasi ya kuliuliza: usiku wa manane akiona kidonda kinatoa majimaji mengi kwa ghafla, asubiri kupambazuke? Nilimwambia asisubiri hata saa moja, kwa kuwa huenda tabaka za ndani za tumbo zimeachia.

Alipokuja kuangaliwa baada ya wiki tatu, kidonda kilikuwa kimejaa nyama nyekundu hadi karibu na usawa wa ngozi. Alitoa karatasi ya maelekezo, imekunjwa mara nne, na pembeni binti yake alikuwa ameandika tarehe ya kila bandeji waliyobadilisha na rangi ya kilichoonekana juu yake.